Dhahabu Yako Isigeuke Zambarau: Mwongozo Kamili wa Kuvika Nanochembe PEG na Kingamwili

Kuanzia kampasi ya Chiromo jijini Nairobi hadi Juja, wanafunzi wa uzamili wanaofanya utafiti wa kusafirisha dawa mwilini huniuliza swali lilelile: nanochembe zangu za dhahabu (chembe ndogo mno, za kupimwa kwa nanomita) zilikuwa nyekundu asubuhi, mbona jioni ni zambarau na kesho yake kuna vumbi jeusi chini ya chupa?

Jibu karibu kila mara ni kwamba mtu ameruka hatua. Ametia chumvi, bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) au kingamwili kabla vazi la PEG halijaziba uso wote wa chembe. Makala za majarida huandika tu "nanochembe zilivikwa PEG kisha zikaunganishwa na kingamwili", na mstari huo mmoja unaficha kazi ya siku tatu. Hapa nimeifungua kazi yote. Kila hatua ina kipimo chake rahisi, na ombi langu ni moja: kipimo kikikataa, usisonge mbele, hata kama msimamizi wako anataka matokeo Ijumaa.

## PEG inafanya nini

Nanochembe tupu ikidungwa kwenye damu, protini za plazma huiparamia papo hapo. Seli mezi za ini na wengu huzitambua protini hizo na kuimeza chembe, na dawa uliyoibebesha huishia huko badala ya kufika kwenye uvimbe. Polietilini glaikoli, yaani PEG, ni mnyororo unaopenda maji. Ukiipanda kwa wingi juu ya uso, inajizungushia maji na protini hazipati pa kushika. Mbinu hii ndiyo iliyotumika kwenye Doxil, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, na lipidi zenye PEG zimo pia kwenye chanjo za mRNA za Covid-19.

Nafundisha kwa dhahabu kwa sababu inakuonyesha kosa kwa macho. Chembe zilizotawanyika vizuri ni nyekundu kama divai, zilizoshikana ni zambarau au buluu. Chembe za polima au lipidi haziwezi kukuonya hivyo, kwa hiyo jifunze kwenye dhahabu kwanza. Hatua ya 6 hapa chini utaitumia hata ukihamia kwenye chembe za PLGA, polima inayooza mwilini.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa chochote

Kemikali:

- Asidi kloroauriki yenye maji matatu (HAuCl₄·3H₂O), miligramu 39.4
- Sitreti ya sodiamu yenye maji mawili, miligramu 114
- PEG yenye thayoli (kundi la salfa linaloshika dhahabu) upande mmoja na methoksi upande mwingine (kwenye chupa imeandikwa mPEG-SH), uzito wa molekuli 5,000
- PEG yenye thayoli upande mmoja na kaboksili upande mwingine (HS-PEG-COOH), uzito wa 5,000
- EDC na sulfo-NHS (kemikali za kuamsha kaboksili ili zishike kingamwili)
- Bafa ya MES ya pH 5.5 na bafa ya fosfeti (PBS) ya pH 7.4
- Chumvi ya kawaida iliyosafishwa kwa maabara (NaCl), mmumunyo wa asilimia 10
- Tween 20
- Asidi ya haidrokloriki na asidi ya nitriki, zote kali
- Kingamwili au protini unayotaka kuunganisha

Vyombo: flaski ya duara ya mililita 250 yenye kipoza mvuke juu yake, jiko lenye kikorogeo cha sumaku, spektrofotomita inayosoma nanomita 400 hadi 700, sentrifuji ndogo yenye ubaridi, karatasi za pH, mizani ya miligramu, vichujio vya maikromita 0.22.

Maji ni jambo la kukazia. Unahitaji maji yaliyosafishwa hadi ukinzani wa megaohmu-sentimita 18.2. Maji ya kisima ya Nairobi yana chumvi nyingi, floraidi ikiwemo, na mtambo wa kuchemsha na kutonesha ambao haujasafishwa magamba kwa muda mrefu huachia ayoni hizo zipite. Kama idara yako haina maji ya kiwango hiki, omba lita tano kwa jirani mwenye mashine. Maji yakiwa mabaya, kila kitu kitakachofuata kitaharibika na hutajua ni kwa nini.

PEG yenye thayoli nayo ina madai yake. Inaagizwa kutoka nje, na mzigo ukikaa ghalani kwenye joto na unyevu, thayoli mbili hushikana na kuwa daisulfaidi, ambayo hushika dhahabu kwa udhaifu zaidi. Mwombe muuzaji aisafirishe kwa baridi, na ukiipokea igawe kwenye vichupa vidogo siku hiyohiyo, uweke kwenye nyuzi hasi 20. Siku ya kuitumia, acha kichupa kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo unyevu wa hewa utatua ndani.

## Hatua ya 1: Safisha vyombo vya glasi kwa maji ya mfalme

Changanya sehemu tatu za asidi ya haidrokloriki na sehemu moja ya nitriki, ukimimina nitriki juu ya haidrokloriki taratibu. Suuza flaski, kipoza na kijiti cha sumaku kwa mchanganyiko huo, kisha kwa maji safi mara nyingi, hadi karatasi ya pH isionyeshe asidi tena.

Sababu: mabaki ya dhahabu ya jana yaliyoganda kwenye glasi huwa vianzio vya chembe mpya, na utapata chembe za ukubwa mchanganyiko.

Onyo. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ukiwa na miwani, aproni na glavu nene. Mchanganyiko huu hutoa klorini na oksidi za nitrojeni. Usiufunge kwenye chupa, utapasuka. Usiukaribishe asetoni wala alkoholi. Tengeneza kiasi utakachotumia leo tu.

Glasi ikiwa safi, maji hutandaa juu yake kama utando mmoja. Ukiona matone yamejitenga, rudia.

## Hatua ya 2: Tengeneza chembe za nanomita 13

Yeyusha miligramu 39.4 za asidi kloroauriki kwenye mililita 100 za maji. Tumia kijiko cha plastiki, maana kemikali hii hula chuma na chuma hicho kitaingia kwenye mmumunyo wako. Pembeni, yeyusha miligramu 114 za sitreti kwenye mililita 10 za maji.

Chemsha mmumunyo wa dhahabu huku ukikoroga kwa kasi na kipoza kikiwa wazi kwa maji baridi. Ukitokota kwelikweli, mimina sitreti yote kwa mkupuo mmoja. Usidondoshe tone tone. Chembe zote zinatakiwa kuzaliwa kwa wakati mmoja ili zilingane.

Kwa walio Nairobi: jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kipimajoto chako hakitafika 100 hata ukiongeza moto hadi usiku. Angalia mtokoto wenyewe, na badala ya dakika 15 zinazoandikwa kwenye miongozo ya nchi za tambarare, toa dakika 25.

Rangi itabadilika mbele yako: manjano hafifu, kisha inapotea, inakuja nyeusi ya wino, zambarau, halafu nyekundu nzito inayotulia. Zima moto, endelea kukoroga hadi ipoe, kisha chuja.

Pima mwanga baada ya kuipunguza makali kwa maji safi mara nne, maana ikiwa nzito hivyo spektrofotomita nyingi hudanganya. Kilele cha ufyonzaji wa mwanga kinatakiwa kiwe kati ya nanomita 518 na 520, chembamba, na mstari uwe umeshuka karibu na sifuri ukifika 650. Kilele kikiwa 530 au kipana, mwaga kwenye chupa ya taka na uanze tena. Hakuna PEG itakayotibu chembe zilizozaliwa zikiwa zimeshikana.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya PEG

Hapa ndipo wengi hukisia, na kukisia ndiko kunakowaangusha. Hesabu yenyewe ni fupi.

Chembe ya nanomita 13 hufyonza mwanga kwa kipeo cha takriban 2.7 × 10⁸ kwa kila mola kwa lita kwa sentimita. Kwa hiyo mmumunyo unaosoma 1.0 kwenye nanomita 520 una nanomola 3.7 za chembe kwa lita. Mililita 10 za mmumunyo huo zina pikomola 37.

Eneo la uso wa chembe moja ni π × 13², yaani nanomita za mraba 531. Vazi lililojaa huwa na molekuli chache za PEG kwa kila nanomita ya mraba. Weka 10 kwa kila nanomita ya mraba ili kuwe na ziada ya kutosha: molekuli 5,300 kwa chembe.

Pikomola 37 mara 5,300 ni takriban maikromola 0.2. Zidisha kwa 5,000 na utapata miligramu 1 ya PEG kwa kila mililita 10 za dhahabu inayosoma 1.0. Andika namba hiyo ukutani. Chembe zikiwa na ukubwa mwingine, rudia hesabu, usinakili jibu.

Wingi huu una maana yake. PEG ikiwa chache hulala juu ya uso na kuacha mapengo. Ikiwa nyingi, minyororo inasimama wima kama mpunga wa Mwea uliopandwa kwa kubanana, ambao mabua yake hayana pa kulala.

Gawanya miligramu hiyo hivi: 0.9 ya mPEG-SH na 0.1 ya HS-PEG-COOH. Kaboksili ndizo mikono ya kushika kingamwili, na mikono mingi kupita kiasi huvuta protini usizozitaka. Ukibadilisha urefu, ile yenye kaboksili isiwe fupi kuliko nyingine, maana mikono itazama ndani ya vazi na hakuna kitakachoifikia.

## Hatua ya 4: Vika chembe

Usioshe dhahabu ya sitreti kwa sentrifuji kabla ya kuivika. Kinachozitenganisha chembe kwa sasa ni chaji hasi ya sitreti peke yake, na ukizigandamiza chini ya kichupa zitashikana moja kwa moja.

Yeyusha PEG kwa maji safi wakati huohuo wa kuitumia, miligramu 1 kwa mililita. Sio PBS. PBS ina chumvi, na chumvi huzima chaji ya sitreti; chembe hazitafika dakika ya pili. Kosa hili pekee limekula dhahabu nyingi kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Pima pH kwa karatasi, kwa tone ulilochota, usizamishe elektrodi kwenye dhahabu kwa kuwa chembe huganda kwenye kioo chake na kuiharibu. Ukiwa kati ya 6 na 8 uko salama.

Koroga dhahabu kwa kasi, mimina PEG yote kwa pamoja, kisha punguza kasi. Funika kwa karatasi ya alumini, uache kwa joto la chumba. Saa mbili ndicho kiwango cha chini. Mimi huacha usiku kucha, kwa sababu PEG za kwanza hushika haraka lakini zile za kujaza mapengo huingia polepole, zikisukumana. Ni saa hizo za mwisho zinazoamua kama chembe zako zitastahimili damu.

### Kipimo cha chumvi: mlango wa kwanza

Chukua vichupa viwili. Kimoja tia maikrolita 100 za chembe zilizovikwa, kingine maikrolita 100 za dhahabu tupu. Ongeza maikrolita 100 za chumvi ya asilimia 10 kwa kila kimoja. Viweke mbele ya karatasi nyeupe.

Dhahabu tupu itageuka zambarau ukiwa bado umeshika pipeti, kisha kijivu. Iliyovikwa inatakiwa ibaki nyekundu ileile baada ya dakika 30, na kilele chake kiwe kimesogea nanomita 1 hadi 3 tu kutoka pale kilipokuwa. Ikiwa dhahabu tupu nayo imebaki nyekundu, chumvi yako ni dhaifu na kipimo hakina maana.

Iliyovikwa ikigeuka zambarau, usioshe, usiunganishe chochote. Kwenye ile iliyobaki bila chumvi, ongeza nusu ya kiasi cha PEG ya kichupa kipya, acha saa nyingine 12, upime tena. Ikikataa mara ya pili, thayoli zako zimeoza, agiza nyingine.

## Hatua ya 5: Osha PEG iliyobaki

PEG huru inayoelea ina kaboksili pia. Usipoiondoa, itakula EDC yako na kunyakua kingamwili zako, na utafikiri umefaulu kumbe umeunganisha kingamwili na PEG isiyo na chembe.

Gawa kwenye vichupa vya mililita 1.5, zungusha kwa 16,000 g kwenye nyuzi 4, dakika 45 hadi 60. Nimeandika g na sio mizunguko kwa dakika. Kugeuza: g ni 1.118 × 10⁻⁵ mara nusu kipenyo cha rota kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe. Rota ya sentimita 8.4 kwa mizunguko 13,000 inatoa karibu 15,900. Rota ndogo kwa mizunguko hiyohiyo inatoa chini ya hapo, na hiyo ndiyo sababu mwenzako wa maabara ya pili anapata mashapo na wewe hupati.

Chembe zilizovikwa huzama polepole kuliko tupu. Maji ya juu yakiwa bado mekundu, rudisha uzungushe zaidi, usiyamwage. Yakiwa meupe, yafyonze ukiacha maikrolita 50 chini, ujaze maji yenye Tween 20 ya asilimia 0.05. Tween huzuia chembe kunata kwenye plastiki. Rudia mara tatu: kila mara unapunguza PEG huru mara 30, kwa hiyo mara tatu ni kama mara 27,000.

Tazama mashapo kwa karibu. Yaliyo mazuri ni tone jekundu linalotembea, ukikigonga kichupa kwa kidole linayeyuka lote. Utando mweusi ulionata ukutani ni chembe zilizoshikana, na hazirudi.

Stima ikipotea katikati ya mzunguko, usikimbilie kufungua. Ngoja rota isimame, kisha anza mzunguko upya tangu mwanzo. Vazi likiwa zima, chembe hazidhuriki.

Unganisha vichupa vyote mwishoni hadi ubaki na mililita 1.

## Hatua ya 6: Unganisha kingamwili

Kwanza chunguza chupa ya kingamwili. Nyingi huuzwa zikiwa na Tris, glaisini, azaidi ya sodiamu au albumini. Tris na glaisini zina amini (kundi la nitrojeni ambalo kaboksili zilizoamshwa hulishika), na albumini pia. Zote zitashika mikono yako kabla ya kingamwili. Badilisha bafa kwa kichujio au mfuko wa dayalisisi hadi ubaki na PBS tupu. Kazi hii ifanye siku moja kabla.

6a. Amsha kaboksili. Zungusha chembe na uzihamishie kwenye MES ya pH 5.5. Pima miligramu 0.4 za EDC na 1.1 za sulfo-NHS kwa kila mililita 1. Kwa kuwa mizani haiaminiki kwa kiasi hicho, tengeneza mmumunyo wa miligramu 10 kwa mililita na uchukue maikrolita. Yeyusha dakika ileile ya kutumia, maana EDC huharibika ndani ya maji. Koroga dakika 15.

6b. Ondoa EDC iliyobaki. Zungusha kwa nyuzi 4, ukiwa bado kwenye MES yenye Tween. Kwenye asidi hafifu na baridi, kaboksili zilizoamshwa hudumu. Kwenye pH 8 huzimika upesi.

Onyo kubwa. Miongozo ya kuunganisha protini kwa protini husema uzime EDC kwa merkaptoethanoli. Kwenye dhahabu usifanye hivyo kamwe. Merkaptoethanoli ni thayoli, na molekuli ndogo ya thayoli huingia kwenye uso wa dhahabu na kuing'oa PEG. DTT nayo ni vilevile. Mtu anaweza kufuata mwongozo sahihi kabisa wa kitu kingine, akavua vazi lote alilolijenga kwa siku mbili.

6c. Leta kingamwili. Rudisha chembe kwenye PBS ya pH 7.4, kisha mara moja tia kingamwili. Anza na molekuli 20 kwa kila chembe. Kwa pikomola 37 tulizo nazo ni pikomola 740, na kingamwili ya uzito wa 150,000 inakuwa takriban maikrogramu 110. Koroga polepole saa mbili kwenye joto la chumba, au usiku kucha kwenye nyuzi 4.

6d. Funga. Sasa ndipo glaisini inaruhusiwa: itie ifikie milimola 20 kwa lita, dakika 30, izibe mikono iliyobaki wazi. Osha mara tatu kama hatua ya 5.

### Kipimo cha EDC: mlango wa pili

Andaa sampuli ya pili iliyopitia kila kitu isipokuwa EDC. Hii ndiyo inayotenganisha kuunganisha kwa kweli na kunata. Pima protini iliyobaki kwenye maji ya juu ya kila sampuli, usipime kwenye chembe zenyewe, kwa sababu rangi ya dhahabu huvuruga usomaji. Ikiwa sampuli isiyo na EDC imepoteza protini sawa na ile yenye EDC, kingamwili zako zimenata tu juu ya vazi lenye mapengo, na ndani ya damu zitabadilishwa na protini nyingine. Rudi hatua ya 4.

Nasema hivi kwa uzito wote: tasnifu isiyo na sampuli hii haijathibitisha kitu, hata ikiwa na picha nzuri za hadubini ya elektroni.

## Hatua ya 7: Kama unabeba dawa

Kwa dawa kama doksorubisini, swali la kwanza ni jinsi itakavyotoka. Ina amini, kwa hiyo wengi huishika kwa EDC kama kingamwili, wakapata kifungo cha amaidi kisichofunguka kirahisi ndani ya seli. Dawa inafika na haifanyi kazi. Tumia kifungo cha haidrazoni, ambacho hutulia kwenye pH 7.4 ya damu na kukatika karibu na pH 5 ya lisosomu, kifuko chenye asidi ndani ya seli. Jaribu utoaji kwenye nyuzi 37 kwa pH zote mbili, sambamba.

Tahadhari ya kipimo: dhahabu huzima mng'ao wa doksorubisini ikiwa karibu nayo. Usipime mng'ao wa dawa iliyoshikwa ukadhani ni kiasi chake. Pima iliyotoka. Na hii ni dawa inayoua seli: glavu mbili, mizani ndani ya kabati, taka kwenye chombo chake.

## Hatua ya 8: Pima kwenye mazingira ya mwili

Changanya chembe na serumu ya ndama, uweke kwenye nyuzi 37 kwa saa 24. Linganisha kilele kabla na baada. Kikisogea nanomita chache bila kupanuka, vazi limeshika.

Ukiwa na mashine ya kupima ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga, chembe zenye PEG zitasoma kubwa wazi kuliko za sitreti, mara nyingi nanomita 30 au zaidi, kwa kuwa mashine inahesabu na maji yanayozizunguka. Chaji ya zeta (kipimo cha chaji ya uso wa chembe) inatakiwa itoke karibu na hasi 35 milivolti isogee kuelekea sifuri. Kipimo kimoja peke yake kisikuridhishe.

Kabla ya kugusa seli za kinga au panya, pima endotoksini, yaani sumu zitokazo kwenye kuta za bakteria. Kichujio cha maikromita 0.22 huzuia bakteria lakini endotoksini hupita. Vyombo vya glasi vichome kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Na rangi ya dhahabu inaweza kudanganya kipimo cha endotoksini kinachotegemea rangi, kwa hiyo tia kiasi kinachojulikana kwenye sampuli uone kama kinasomeka chote.

Ukitaka kutumia damu ya binadamu, kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, vinatangulia. Viombe siku unapoagiza PEG, maana vyote huchukua muda.

## Kuhifadhi na kutupa

Weka chembe kwenye nyuzi 4, gizani, kwenye kichupa cha plastiki kilichoandikwa tarehe, usomaji wa mwanga na mgao wa PEG. Usigandishe: barafu huzisukuma chembe pamoja na huenda zisirudi. Kaa mbali na ukuta wa nyuma wa friji, unaogandisha vitu baada ya stima kurudi. Kila unapozitoa, rudia kipimo cha chumvi kwa tone dogo kabla ya kuzitumia.

Usimwage dhahabu wala sitreti iliyobaki kwenye sinki. Mto Nairobi hauko mbali na Chiromo. Tenga chupa moja ya taka zote za dhahabu, zikiwemo zile zilizogeuka zambarau. Maji ya mfalme yaliyotumika yamimine taratibu juu ya barafu nyingi ndani ya kabati la mvuke, uyatulize kwa magadi ya soda hadi yaache kutoa povu, na ndipo uyahifadhi kwenye chupa ya taka ya kwake. Kifuniko chake kilegezwe usiku wa kwanza, gesi iliyobaki itoke.